Jedwali Lipi Linafaa Kuchambuliwa?



Siku hizi karibu kila ofisi, kuanzia chama cha msingi cha wakulima hadi kituo cha afya cha kata, ina mtu mwenye kompyuta na faili la Excel. Mtu huyo akishaambiwa alete ripoti yenye michoro, swali lake la kwanza huwa moja: nitumie programu gani? Atatajiwa Power BI, atatajiwa Google Sheets, atatajiwa R wanayoitumia vijana wa vyuo vikuu, na sasa atatajiwa programu za akili mnemba, zile unazozikabidhi jedwali lako zima na kuziuliza maswali kwa maneno ya kawaida. Zote zina faida zake. Lakini leo nataka tuzungumzie swali linalopaswa kutangulia hilo: ni jedwali lipi linalofaa kukabidhiwa programu? Maana programu ya kuchambua takwimu haikatai kitu. Ipe jedwali bovu, itakuchorea mchoro wa kupendeza, mkubwa wako ataupokea, na uamuzi utapitishwa juu yake.

Nianze na jedwali ambalo naamini wengi wenu mmeshaliona. Tuseme ni la chama cha msingi kinachokusanya mahindi ya wanachama wake. Ukilifungua, mistari mitatu ya juu ina jina la chama, jina la wilaya na msimu, maandishi yamekolezwa na kuwekwa katikati kwa kuunganisha visanduku. Mstari wa nne ni mtupu. Wa tano una vichwa vya safu: namba, jina la mkulima, kijiji, halafu Juni, Julai, Agosti, Septemba, kisha jumla, kisha maoni. Wakiisha wakulima wa kijiji cha kwanza unakuja mstari wa rangi ya njano ulioandikwa "Jumla ndogo". Kinafuata kijiji cha pili, nacho kina mstari wake wa njano. Jina la kijiji limeandikwa mara moja tu, juu ya kundi, na visanduku vya chini yake vimeachwa vitupu kwa kuwa kila anayesoma anaelewa. Wakulima wenye deni la mbolea wametiwa rangi nyekundu. Kisanduku kimoja cha mwezi wa Julai kimeandikwa "12 na debe 3". Kingine, "kama 40 hivi". Vingine vina kistari, vingine vina sifuri, na vingine havina kitu.

Sina neno baya juu ya karani aliyeliandika. Jedwali hilo limetengenezwa lisomwe na binadamu, lichapwe na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, na kwa kazi hiyo linafaa kabisa. Mwanachama akipita ataliona jina lake, ataiona jumla yake, ataridhika. Shida inaanza pale jedwali hilohilo linapopelekwa kwenye programu ya uchambuzi kama lilivyo.

Tuchukue ile mistari ya njano. Kijiji cha kwanza kimeleta magunia 120, cha pili 80, cha tatu 100. Jumla ni magunia 300. Programu haijui kwamba mistari ya njano ni majumlisho. Kwake yeyote aliye kwenye mstari ni mkulima. Itajumlisha wakulima, ipate 300. Itaongeza jumla ndogo za vijiji, 300 nyingine. Itaongeza na jumla kuu iliyo chini kabisa, 300 tena. Utaambiwa chama kimekusanya magunia 900, na mchoro utaonyesha mkulima mmoja hodari kupita wote, anayeitwa "Jumla Kuu".

Ile rangi nyekundu nayo haitaonekana popote. Programu nyingi za uchambuzi zinasoma kilichoandikwa ndani ya kisanduku, hazisomi rangi ya kisanduku. Na ukilihifadhi jedwali kama faili la CSV, ambalo ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa alama, rangi zote zinapotea. Taarifa ya nani anadaiwa mbolea, ambayo pengine ndiyo iliyotafutwa kuliko zote, imekwenda. Ilitakiwa iwe na safu yake: deni la mbolea, ndiyo au hapana, au bora zaidi, kiasi cha deni kwa shilingi.

Kwa hiyo, msikilizaji, mtu akiniuliza atalijuaje jedwali linalofaa, namwambia aweke kidole kwenye mstari wowote na ajibu swali moja: mstari huu ni nini? Akijibu kwa sentensi moja, na sentensi hiyohiyo ikawa kweli kwa kila mstari wa jedwali, tuko pazuri. "Kila mstari ni mzigo mmoja ulioletwa na mkulima mmoja siku moja." Hilo ni jedwali. Lakini akianza kusema, "mistari hii ni ya wakulima, isipokuwa hii ya njano ambayo ni ya vijiji, na huu wa mwisho ni wa chama", basi ameshika majedwali matatu yaliyobanwa ndani ya moja, na kazi ya kwanza ni kuyatenganisha.

Hili si wazo langu. Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM, alieleza mwaka 1970 namna ya kupanga data katika majedwali yanayohusiana, na hifadhidata nyingi za benki na za serikali mpaka leo zinafuata misingi yake. Mwaka 2014 mwanatakwimu wa New Zealand, Hadley Wickham, akaandika makala iliyoyaleta mawazo hayo kwa wachambuzi wa takwimu kwa lugha nyepesi: kila kinachopimwa kiwe na safu yake, kila kipimo kilichochukuliwa kiwe na mstari wake, na kila aina ya kitu iwe na jedwali lake. Kanuni hizo tatu zinatosha kulihukumu jedwali lolote litakalowekwa mbele yako.

Turudi kwenye Juni, Julai, Agosti na Septemba. Jicho la binadamu linapenda miezi ikae kwa upana, kila mwezi safu yake, ili mtu alinganishe kwa kutazama tu. Programu inataka kinyume chake. Mwezi ni kitu kinachopimwa, kwa hiyo uwe na safu moja inayoitwa "mwezi", na ndani yake ndimo yaandikwe Juni, Julai na mengineyo. Mkulima aliyeleta mahindi miezi minne atakuwa na mistari minne. Jedwali litarefuka, litachosha kulisoma, na karani atalalamika kwamba anarudia jina la mtu na jina la kijiji. Alirudie. Kurudia huko ndiko kutakakokuwezesha kuiuliza programu, "Julai kijiji kipi kilileta mzigo mwingi?" na ukajibiwa papo hapo. Msimu ujao ukianza, utaongeza mistari chini bila kuongeza safu pembeni, na kila mchoro uliokwisha kuutengeneza utaendelea kufanya kazi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwetu lina uzito wa pekee, nalo ni vipimo. Safu imeandikwa "magunia". Gunia gani? Gunia la mahindi Tanzania kwa mazoea huhesabiwa kilo 100. Ukivuka Namanga au Holili kuingia Kenya, gunia la mahindi ni kilo 90. Mtu akikusanya majedwali ya pande mbili za mpaka na kuyaunganisha bila kuuliza, kila magunia 10 aliyohesabu upande wa Kenya amejiongezea kilo 100 ambazo hazipo. Halafu kuna lumbesa, lile gunia lililoshonewa kilemba juu, ambalo Wakala wa Vipimo umepambana nalo miaka nenda rudi kwa sababu linamwibia mkulima. Kwenye jedwali lumbesa imeandikwa "gunia 1", sawasawa na gunia lililofungwa kihalali. Wizi uliofanyika shambani unaingia kwenye kompyuta na kugeuka kuwa takwimu safi, na mchambuzi aliyeko mjini hataujua kamwe. Debe nalo ni kipimo cha ujazo, halipimi uzito: debe la mahindi na debe la mpunga hayalingani kwenye mizani.

Ndiyo maana nasema jedwali linalofaa kwa biashara ya mazao ni lile lenye safu ya kilo zilizosomwa kwenye mizani. Kama unayo majedwali mawili, moja zuri kwa sura lakini limeandikwa kwa magunia, na jingine chafu lakini lina kilo, chukua lile chafu. Uchafu wa mpangilio unasafishika kwa jioni moja. Uzito ambao haukupimwa siku mahindi yalipoletwa hautapatikana tena.

Na "12 na debe 3", na "kama 40 hivi"? Neno moja tu ndani ya safu ya namba linaweza kuifanya programu iichukulie safu nzima kuwa maandishi, na maandishi hayajumlishwi. Au itaviruka visanduku hivyo kimyakimya na kukupa jumla pungufu. Namba ikae peke yake. Maelezo yakae kwenye safu ya maelezo.

Visanduku vitupu vinahitaji muda zaidi, kwa sababu hapo wanakosea hata waliosoma. Sifuri na kisanduku kitupu ni vitu viwili mbalimbali. Fikiria kipimamvua cha shule. Katika siku 10, siku 5 ilinyesha mvua ya milimita 12 kila siku, siku 3 haikunyesha kabisa, na siku 2 zilikuwa za mapumziko, hakuna aliyekwenda kusoma kipimo. Ukiweka sifuri kwa zile siku 3 na kuziacha tupu zile 2, wastani ni milimita 60 kugawanywa kwa siku 8, yaani 7.5. Ukijaza sifuri kila palipo patupu ili jedwali lipendeze, wastani unashuka hadi 6. Umeipunguza mvua ya eneo lako kwa moja ya tano bila wingu lolote kuhusika.

Wapo pia wanaojaza 999 mahali ambapo taarifa haikupatikana. Ulikuwa utaratibu wa kawaida wa tafiti za zamani na bado upo. Watu 9 wenye umri wa miaka 30, na wa 10 ambaye umri wake haukujulikana akaandikiwa 999: wastani wa umri wao ni miaka 126.9. Hapo kosa linaonekana upesi. Lakini ukiwa na watu 5,000 na wasiojulikana ni wachache, wastani utapanda kidogo tu, kiasi cha kuaminika, na hapo ndipo penye hatari kubwa.

Tuje kwenye tarehe na saa. Ukiona 03/04/2024, ni tarehe 3 Aprili au 4 Machi? Sisi tunaanza na siku, Wamarekani wanaanza na mwezi, na kompyuta nyingi zinauzwa zikiwa zimepangwa Kimarekani. Kompyuta ya namna hiyo ikipewa tarehe zetu, zile za siku ya 1 hadi ya 12 itazigeuza, siku iwe mwezi na mwezi uwe siku. Ikifika 13/04/2024 itakwama, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, na itaiacha kama maandishi. Kwa hiyo safu moja inakuwa na tarehe zilizopinduliwa na tarehe zisizosomeka, zimechanganyika, na hakuna kengele inayolia. Dawa yake ni kuandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku: 2024-04-03. Huo ni utaratibu wa kimataifa, na una faida ya ziada kwamba ukipanga safu kwa mfuatano, tarehe zinajipanga zenyewe.

Na saa yetu? Mama aliyefika kliniki saa 2 na dakika 10 asubuhi, karani Mswahili anaandika 2:10. Programu inaelewa ni saa nane na dakika kumi usiku. Vifaa vya kukusanyia data kwa simu, kama KoboToolbox, hujiandikia vyenyewe saa ambayo dodoso lilifunguliwa, na vitaandika 08:10. Jedwali litakuwa na safu mbili za saa zinazopishana kwa saa sita, na mchambuzi asiyejua Kiswahili atashangaa kliniki gani hii yenye foleni usiku wa manane. Anayechagua jedwali la hapa kwetu hana budi kuuliza saa zilizomo ni za mfumo gani, kabla hajafanya lolote jingine nazo.

Ndugu zetu wa Kongo wana la kwao. Kompyuta zilizopangwa kwa Kifaransa hutumia mkato mahali tunapotumia nukta ya desimali. Kwa karani wa Arusha, 1,500 ni elfu moja na mia tano. Kwa karani wa Lubumbashi inaweza kusomeka moja na nusu. Na kwa kuwa mkato tayari una kazi, mafaili yao ya CSV mara nyingi hutenganishwa kwa nukta-mkato. Ukilifungua faili la namna hiyo Dar es Salaam, kila kitu kinarundikana kwenye safu moja. Faili halijaharibika. Iambie programu kitenganishi ni kipi, kisha uangalie namba moja baada ya nyingine mpaka uridhike.

Nisilipite suala la namba za utambulisho, kwa sababu kwa Watanzania lina hatari ya wazi. Namba ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA, ina tarakimu 20. Excel inatunza kwa usahihi tarakimu 15 tu za namba yoyote. Andika namba ya NIDA bila vistari katika kisanduku cha kawaida, nayo Excel itaichukulia kuwa namba ya hesabu, na tarakimu 5 za mwisho zitageuzwa kuwa sifuri. Hazirudi. Kwa kuwa namba hiyo huanza na tarehe ya kuzaliwa, watu wawili waliozaliwa siku moja wanaweza, ikiwa tarakimu zao za katikati nazo zinafanana, kugeuka mtu mmoja kwenye orodha ya malipo. Namba za simu nazo hupoteza sifuri ya mbele. Safu ya namba za utambulisho ipangwe kuwa ya maandishi kabla ya kuandika hata namba moja. Na ukipewa jedwali ambalo namba zote za NIDA zinaishia na sifuri tano, lirudishe. Hakuna programu itakayolitibu.

Wanasayansi wenyewe hawakunusurika na tabia hii ya Excel ya kubadili unachokiandika. Wataalamu wa jeni walikuwa na jeni zenye vifupisho kama SEPT2 na MARCH1, na Excel ikazigeuza kuwa tarehe za Septemba na Machi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta makosa hayo katika takriban moja ya tano ya makala za jenetiki zilizoambatishwa majedwali ya Excel yenye orodha za jeni. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikaona heri ibadilishe majina yenyewe: SEPT2 ikawa SEPTIN2, MARCH1 ikawa MARCHF1.

Mwaka huohuo wa 2020, Uingereza ilipata funzo zito zaidi. Ilikuwa katikati ya janga la UVIKO-19. Maabara binafsi zilikuwa zikituma majibu ya vipimo kwa mamlaka ya afya ya umma katika mafaili ya CSV. Mamlaka ikawa inayaingiza kwenye majedwali ya Excel ya muundo wa zamani, ule wa XLS, kabla ya kuyapeleka kwenye mfumo mkuu. Muundo huo unabeba mistari 65,536 tu. Na kwa kuwa jibu la mgonjwa mmoja lilichukua mistari kadhaa, kila jedwali liliweza kubeba wagonjwa wapatao 1,400. Waliozidi hapo waliachwa nje, bila onyo. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba, wagonjwa 15,841 waliothibitika hawakuingia katika hesabu za kila siku. Wenyewe walikuwa wamepewa majibu yao. Lakini majina yao yalichelewa kuwafikia wale waliopaswa kuwatafuta watu waliokutana nao, na kwa ugonjwa wa kuambukiza kila siku inayopotea ina gharama yake kwa maisha ya watu.

Muundo mpya wa Excel, uliokuja na toleo la 2007, unabeba mistari 1,048,576. Wengi wetu hatutafika huko. Lakini kinga ni ileile kwa jedwali dogo na kubwa: hesabu mistari kabla ya kuihamisha, na uihesabu tena baada ya kuihamisha. Ikipungua hata mmoja, simama hapo mpaka uujue umekwenda wapi.

Mpaka hapa nimezungumzia usafi wa jedwali. Lakini jedwali linaweza kuwa safi kabisa na bado likawa si lenyewe. Na hapa, msikilizaji, ndipo ninapotaka unisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu hakuna kitufe cha kubonyeza kitakachokusaidia.

Mwaka 2012 sensa ya Tanzania iliukuta Mkoa wa Mbeya una watu zaidi ya milioni 2.7. Sensa ya 2022 iliukuta una watu zaidi ya milioni 2.3. Weka namba hizo mbili kwenye programu, na itakuchorea mstari unaoshuka. Mtu asiyeijua nchi ataandika kwamba watu wameikimbia Mbeya, na atatafuta sababu: ardhi, ajira, barabara. Ukweli ni kwamba mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya, na Songwe peke yake mwaka 2022 ulikuwa na watu zaidi ya milioni 1.3. Ukiijumlisha mikoa hiyo miwili unapata zaidi ya watu milioni 3.6 katika eneo lilelile, yaani wameongezeka sana. Namba zote ni sahihi. Zimetoka kwa Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Kilichobadilika ni maana ya neno "Mbeya" ndani ya kisanduku. Ni hivyo hivyo kwa Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, mikoa iliyoanzishwa mwaka 2012, na kwa Kenya iliyohama kutoka mikoa 8 kwenda kaunti 47. Kabla ya kulinganisha miaka, hakikisha mipaka ni ileile.

Mfano mwingine ni wa afya. Wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zinatumia mfumo wa DHIS2, ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwe, kukusanya taarifa za vituo vya afya. Ni hazina kubwa, na ukipata jedwali lake utafurahi. Lakini jedwali la kituo linamhesabu aliyefika kituoni. Aliyenunua dawa dukani hayumo. Aliyekosa nauli hayumo. Ukiuliza kituo kinahitaji dawa ya malaria kiasi gani, jedwali hilo linakufaa sana. Ukiuliza malaria imeenea kiasi gani kijijini, halikufai, hata likiwa na mistari laki moja. Hapo unahitaji takwimu za utafiti wa kaya, kama ule wa mwaka 2022 wa afya na malaria Tanzania, ambapo wadadisi walikwenda mpaka majumbani. Kwenye jedwali la vituo, inawezekana kata moja ionyeshe malaria nyingi kwa sababu tu zahanati yake iko karibu na dawa hazikatiki.

Vivyo hivyo, SACCOS ikikupa jedwali la waliokopeshwa, huwezi kulitumia kujua kwa nini wengine walinyimwa mkopo; walionyimwa hawamo. Na ukipewa majumlisho ya wilaya tu, huwezi kurudi nyuma ukaijua hali ya kaya moja. Omba mistari ya awali kila inapowezekana.

Lakini unapoomba mistari ya awali, unaomba pia majina, simu, namba za NIDA, pengine na hali za afya za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019, na zote zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Usipandishe jedwali lenye majina ya wagonjwa kwenye programu iliyo mtandaoni kwa kuwa tu haina malipo. Mchoro hauhitaji jina la mtu. Weka namba ya siri badala ya jina, ondoa safu ya simu, na kama umri unatosha, ondoa tarehe ya kuzaliwa. Safu usizozihitaji ziache nyumbani.

Kwa viongozi wa vyama vya ushirika, waganga wafawidhi na wakuu wa idara mnaonisikiliza, ninalo ombi. Makarani wenu wamekuwa wakilaumiwa kwa majedwali mabaya, na hali wameombwa jedwali la kubandika ukutani na jedwali la kompyuta katika faili moja. Waruhusuni watunze mawili: moja la kuandikia, lenye mstari mmoja kwa kila tukio, bila rangi wala majumlisho; na jingine la kuchapa, linalotokana na hilo la kwanza. Wapeni mizani inayofanya kazi. Na kila faili liwe na ukurasa mmoja wa maelezo, unaosema kila safu ni nini, imepimwa kwa kipimo gani, saa ni za mfumo upi, kisanduku kitupu maana yake nini, na nani alikusanya na lini. Ukurasa huo unaandikwa kwa nusu saa na mtu anayelijua jedwali. Akihamishwa kituo kabla hajauandika, hakuna mwingine atakayeweza kuuandika. Mwambieni auandike wiki hii.